Muhogo Mchungu na Mishipa ya Fahamu

Miongoni mwa mazao yanayolimwa katika wilaya za Masasi na Newala, hakuna linalotegemewa na mkulima wakati wa shida kama muhogo. Mahindi yakikauka shambani na mtama ukiliwa na ndege, muhogo hubaki ardhini ukimngoja mwenyewe. Kwa sababu hiyo wenyeji huuhesabu kuwa ni akiba ya nyumba, wala si chakula tu. Lakini mwaka 1988, ukame ulipoikumba wilaya ya Masasi, akiba hiyo hiyo iligeuka kuwa hatari. Watu waliokula ugali wa muhogo walipatwa na madhara ya sumu ya chakula hicho. Dalili za sumu hiyo ni kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kutapika na kulegea kwa mwili, nazo huanza saa chache tu baada ya mlo.

Tukio hilo lilichunguzwa na watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, akiwemo Nicholas Mlingi, wakishirikiana na wenzao wa kutoka ng'ambo, na matokeo ya uchunguzi yalichapishwa mwaka 1992. Ilidhihirika kwamba sumu haikuletwa na mtu wala haikutoka katika dawa ya shambani. Ilikuwamo ndani ya muhogo siku zote. Kilichopungua mwaka ule ni muda wa kuitoa.

Makala haya yanaeleza sumu hiyo ni kitu gani, jinsi inavyohusiana na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao konzo, na kwa nini ugonjwa huo, ambao hauna dawa ya kuuponya, unaweza kuzuiwa na mtu mwenye beseni, maji kidogo na jua la saa mbili.

Uwanda usio na maji

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ukilitazama bonde la mto Ruvuma kwa chini. Upande wa magharibi, uwanda huo ukishakwisha, ndipo ilipo Masasi na vilima vyake vya mawe. Udongo wa uwanda wa Makonde una mchanga mwingi. Mvua ikinyesha maji huzama upesi, na juu yake hakuna mito. Kwa miaka mingi akina mama wa Newala waliteremka mabondeni kutafuta maji na kupanda tena na ndoo kichwani, kabla ya miradi ya kusukuma maji kwa mitambo kuanzishwa, na hata baada ya hapo maji yamebaki kuwa kitu cha kuhesabiwa.

Katika udongo wa namna hiyo muhogo hustawi kuliko mazao mengi ya chakula. Wakulima hutofautisha muhogo mtamu, ambao huweza kuliwa mbichi au kuchemshwa, na muhogo mchungu, ambao haufai kuliwa mpaka utengenezwe. Mgeni anaweza kushangaa kwa nini mtu alime kwa makusudi muhogo wenye sumu. Mkulima anayo sababu. Muhogo mchungu haushambuliwi sana na nguruwe mwitu, nyani na panya, wala mwizi hautamani, kwani hawezi kuung'oa na kuutafuna papo hapo. Uchungu ndio ua wa shamba.

Katika nchi za bonde la mto Kongo, ambako maji ni mengi, muhogo mchungu hulowekwa majini kwa siku tatu au zaidi mpaka ulainike, na sehemu kubwa ya sumu hutoka. Mkazi wa uwanda wa Makonde hana maji ya kulowekea mizizi ya familia nzima. Yeye hulitegemea jua. Tofauti hii ya maji na jua ndiyo inayotuwezesha kufahamu mambo yanayofuata.

Sumu inavyozaliwa

Muhogo ulio mzima ardhini hauna sainaidi iliyo huru. Ndani ya seli zake mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungamana na kikundi chenye atomi za kaboni na naitrojeni. Linamarini hukaa katika chumba chake ndani ya seli. Katika kuta za seli, mbali na chumba hicho, hukaa kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Maadamu seli ni nzima, vitu hivi viwili havikutani.

Mzizi unapotafunwa, kukwaruzwa au kutwangwa, seli hupasuka na linamarini hukutana na linamarasi. Hapo sukari hukatwa, na kinachobaki ni sianohidrini ya asetoni. Kitu hiki nacho huvunjika na kutoa asetoni na sainaidi ya haidrojeni. Sainaidi ya haidrojeni huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi za Sentigredi, kwa hiyo katika hewa ya kawaida ya kusini mwa Tanzania hugeuka kuwa gesi na kupeperuka.

Basi kazi yote ya kutengeneza muhogo mchungu ina hatua tatu: kuzipasua seli ili linamarini ivunjwe, kuipa sianohidrini nafasi ya kuvunjika, na kuiacha gesi itoke. Hatua mojawapo ikirukwa, sumu hubaki katika unga. Aidha, ni kosa kudhani kwamba moto wa jikoni utaikamilisha kazi hiyo. Joto la maji yanayochemka hukiua kimeng'enya lakini haliivunji linamarini kwa urahisi. Unga wenye linamarini ukisongwa ugali, linamarini huingia tumboni pamoja na ugali huo, na bakteria wa matumboni huweza kuivunja na kuitoa sainaidi mle mle.

Makopa na chinyanya

Njia ya kawaida ya kusini ni kutengeneza makopa. Mizizi humenywa, hupasuliwa ikiwa ni minene, huanikwa juani kwa siku nyingi mpaka ikauke kabisa, kisha hutwangwa ikawa unga. Makopa huwekeka kwa muda mrefu, na hiyo ni sifa kubwa. Upungufu wake ni kwamba mzizi hukauka ukiwa na seli nyingi ambazo hazijapasuka. Maji yakiisha ndani ya mzizi, kimeng'enya hakiwezi tena kufanya kazi, na linamarini iliyobaki hubaki. Muhogo unaokauka polepole hupoteza sumu zaidi kuliko ule unaokaushwa upesi.

Njia nyingine hujulikana huko kusini kwa jina la chinyanya. Mizizi mibichi humenywa na kutwangwa, huanikwa kwa saa chache, hutwangwa tena na kuanikwa tena, mpaka upatikane unga. Kwa njia hii chakula hupatikana siku ile ile. Kwa kuwa seli hupasuliwa vizuri kinuni, linamarini nyingi huvunjika. Lakini sianohidrini haiondoki mpaka unga ukauke barabara, na ugali ukipikwa kwa unga uliokauka nusu, sumu hiyo huliwa.

Katika mwaka wa mvua njema madhara haya hayaonekani sana. Familia huwa na nafaka, kunde na pengine samaki, na makopa ya msimu uliopita yapo ghalani. Ukame unapokuja mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, mmea wa muhogo wenyewe ukikosa maji huongeza linamarini katika mizizi yake. Pili, nyumba ikikosa chakula kingine, muhogo hung'olewa leo ili uliwe leo. Sumu huzidi wakati ule ule ambapo muda wa kuitoa unapungua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Masasi mwaka 1988. Wasemao kwamba haraka haina baraka husema kweli, lakini haraka ya mama mwenye watoto wenye njaa haitokani na uvivu.

Sainaidi ndani ya mwili

Wanafunzi waliosoma biolojia watakumbuka kwamba seli hupata nguvu kwa kukiunguza chakula kwa msaada wa oksijeni, na kwamba kazi hiyo hufanyika ndani ya mitokondria. Sainaidi hukishika kimeng'enya cha mwisho katika mlolongo huo na kukizuia. Oksijeni huwapo katika damu, lakini seli haziwezi kuitumia. Sumu ikiwa nyingi, mtu huzirai na huweza kufa.

Hata hivyo mwili hauko bila kinga. Sainaidi kidogo inapoingia, mwili huiunganisha na salfa na kuigeuza kuwa thayosianeti, ambayo si kali, nayo hutolewa kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana watafiti hupima thayosianeti katika mikojo ya wanavijiji ili kujua wamekula sainaidi kiasi gani. Salfa inayozungumzwa hapa siyo lile vumbi la kupulizia mikorosho. Ni salfa iliyomo ndani ya protini, hasa katika samaki, nyama na mayai, na kwa kiasi kidogo katika kunde. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa samaki huipata sumu na kinga yake katika mlo mmoja. Anayekula ugali huo kwa kisamvu pekee, siku baada ya siku, huipata sumu bila kinga ya kutosha.

Konzo

Madhara yaliyoelezwa hapo juu huja upesi na huweza kupita. Kuna mengine yasiyopita. Mwaka 1938 daktari Mtaliano Giovanni Trolli, aliyekuwa Kongo wakati wa utawala wa Kibelgiji, aliandika juu ya ugonjwa wa kupooza miguu katika eneo la Kwango. Wayaka wa huko waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 ugonjwa wa namna hiyo ulizuka kaskazini mwa Msumbiji, katika jimbo la Nampula, wakati wa ukame, na watu zaidi ya 1,000 walipatwa nao. Wenyeji, ambao ni Wamakua kama walivyo wakazi wengi wa Masasi, waliuita mantakassa. Madaktari waliokuwa huko, miongoni mwao Julie Cliff na Hans Rosling, waliuhusisha na muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, mkoani Mara, pia wakati wa ukame. Baada ya mwaka 2000 ulijitokeza kusini mwa Tanzania, katika mkoa wa Mtwara na wilaya ya Mbinga.

Konzo haitangulii kutoa habari. Mtu hulala mzima, na pengine asubuhi, au baada ya mwendo mrefu, huiona miguu yake imekakamaa na haimtii. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili tatu za kuutambua ugonjwa huu: mwendo wa kukakamaa unaoonekana kwa miguu yote miwili sawasawa, ugonjwa kuanza katika muda usiozidi wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha usiendelee kuzidi, na kuruka kwa nguvu kwa mguu daktari anapogonga kano ya goti au ya kifundo, bila ya kuwapo ugonjwa wa uti wa mgongo. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kwa kuwa ugonjwa huja ghafula na huweza kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja, si ajabu kwamba mara nyingi umedhaniwa kuwa ni uchawi. Lakini nyumba moja maana yake ni chungu kimoja na unga mmoja.

Konzo na ugonjwa wa Parkinson

Ili kufahamu kilichoharibika, ni vizuri kulinganisha konzo na ugonjwa mwingine wa mwendo unaojulikana zaidi duniani. Mwaka 1817 daktari Mwingereza James Parkinson alieleza ugonjwa wa kutetemeka mikono, kukakamaa viungo na kwenda polepole. Ugonjwa huo, ambao sasa huitwa kwa jina lake, huwapata hasa wazee, nao huzidi mwaka hata mwaka. Upo Tanzania pia. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 miongoni mwa wakazi 161,000 hivi, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari ugonjwa wao ni nini.

Mtu anapotaka kutembea, amri hutoka katika gamba la ubongo na kushuka kwa nyuzi ndefu za fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo huenda kwenye misuli. Ndani zaidi ya ubongo vipo viini ambavyo husawazisha amri hizo. Katika ugonjwa wa Parkinson hufa seli zinazovipatia viini hivyo kemikali iitwayo dopamini. Katika konzo huharibika njia yenyewe ya amri, ile ishukayo kutoka gamba la ubongo. Kwa mfano wa gari, katika Parkinson aliyeharibika ni msawazishaji wa injini. Katika konzo ni waya unaotoka kwa dereva.

Tofauti hiyo huonekana katika tiba. Baada ya kugunduliwa kwamba kinachopungua katika Parkinson ni dopamini, madaktari walijaribu kuirudisha, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 dawa ya levodopa, inayogeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo, imewarudishia wagonjwa wengi uwezo wa kwenda, ingawa haikomeshi ugonjwa. Katika konzo hakuna kemikali ya kurudisha. Mgonjwa husaidiwa kwa mazoezi ya viungo, magongo, dawa za kulegeza misuli, na mara nyingine upasuaji wa kuirefusha kano ya kisigino. Wapo waliolala kitandani wakasimama tena kwa magongo, wakarudi shuleni. Lakini uzi wa fahamu uliokufa haurudi.

Magonjwa haya mawili yana fundisho moja la pamoja. Mwaka 1982 vijana kadhaa wa California, Marekani, walijidunga dawa ya kulevya iliyokuwa imechafuliwa kwa kemikali iitwayo MPTP, na baada ya siku chache wakakakamaa kama wazee wenye Parkinson. Ikathibitika kwamba sumu inaweza kuliua kundi moja la seli za ubongo na kuyaacha mengine, nayo hufanya hivyo kwa kuizuia mitokondria. Hata baadhi ya watu waliopona sumu kali ya sainaidi wamebaki na dalili zinazofanana na za Parkinson. Seli za fahamu hutumia nguvu nyingi kuliko seli nyingi nyingine za mwili, na kwa hiyo huumia mapema nguvu hiyo inapokatwa. Namna hasa ambavyo sainaidi, au vitu vitokanavyo nayo, huiharibu njia ya amri katika konzo, wanasayansi bado wanaitafuta. Hata hivyo, kinga haikungoja jibu hilo.

Kinga ya saa mbili

Ushauri wa kwanza ambao wakulima wamezoea kupewa ni kulima muhogo mtamu, kula kunde na samaki, na kuanika makopa kwa muda wa kutosha. Ushauri huo ni wa kweli, ila mwaka wa njaa ndio mwaka ambao hautekelezeki.

Mwanakemia Howard Bradbury wa Australia aliliangalia jambo hili kwa namna nyingine. Unga wa muhogo, hata uliokwisha kukauka, huwa bado una linamarini na linamarasi kidogo. Vyote viwili vimelala kwa kukosa maji. Basi unga ukichanganywa na maji, kimeng'enya huamka. Njia yake ni hii. Unga hutiwa katika beseni na mahali ulipofika huwekwa alama. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Mwanzoni ujazo hupungua, kisha mchanganyiko hupanda tena hadi kwenye alama. Hapo hutandazwa juu ya mkeka au turubai kwa unene usiozidi sentimita moja, na kuachwa juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano. Linamarini huvunjika, gesi ya sainaidi hupeperuka, na ugali husongwa kwa unga huo siku hiyo hiyo. Sumu hupungua hadi theluthi moja ya ilivyokuwa, au hata chini ya hapo.

Kipimo kinachokubaliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya ni miligramu 10 za sainaidi kwa kilo moja ya unga. Wakati wa ukame huko Msumbiji umewahi kupimwa unga wenye zaidi ya miligramu 100. Unga wa namna hiyo hausafiki kabisa kwa kuloweshwa mara moja, lakini hatari yake hupungua sana. Njia hii ilifundishwa kwa akina mama katika vijiji vya Mtwara vilivyokuwa na konzo, na taarifa iliyotolewa na Mlingi, Bradbury na wenzao mwaka 2011 ilionyesha kwamba akina mama waliipokea kwa urahisi, na thayosianeti katika mikojo ya watoto ikapungua.

Maji yanayohitajiwa ni machache, karibu sawa na yale ambayo hata hivyo yangetumika katika kupika. Kwa mkazi wa uwanda wa Makonde jambo hilo si dogo. Kuloweka mizizi kwa siku tatu kunahitaji mto, na Newala haina mto. Kulowesha unga kunahitaji maji ya kibuyu.

Njaa ikija tena, na katika nchi ya mvua za msimu mmoja haikosi kurudi, mama wa Masasi au Newala hataweza kuambiwa awangojeshe watoto wake wiki nzima mpaka makopa yakauke. Kungoja saa mbili anaweza. Mwanafunzi anayeijua habari ya linamarini na linamarasi, na akamweleza mama yake kwa nini saa hizo mbili zinafaa, atakuwa ameitumia kemia yake mahali inapohitajiwa, kabla mguu wa mtu haujafungwa.